Ghala Waliloliita Tupu: Jinsi Seli za Mimea Zinavyohifadhi Viowevu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi wetu mliotoka vijiji vya Muheza na Pangani, na ninyi wanafunzi ambao hasa ndio wenye shughuli hii: shikamooni wakubwa zangu, na hamjambo wanangu.

Nimeombwa nizungumze juu ya somo la baiolojia, nikaachiwa nichague mada mwenyewe. Nimechagua kitu ambacho daftari la kidato cha kwanza hukitaja kwa mstari mmoja na kukipita, nacho ni vakuoli, yaani kile kifuko cha majimaji kilicho katikati ya seli ya mmea. Nilifundisha somo hili kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikifundisha vile nilivyofundishwa na mimi: "nafasi iliyojaa utomvu wa seli." Mwanafunzi aliandika hivyo, akachora duara kubwa ndani ya mstatili, akapata alama yake moja, tukaendelea na kiini cha seli.

Aliyenizindua ni binti mmoja wa kidato cha pili ambaye zamu yake ya jikoni iliangukia siku ya mchicha mwekundu. Alikuja ofisini akaniuliza: "Mwalimu, ule mchicha nimeuosha kwa maji baridi mara tatu, na maji yakabaki meupe. Nilipouweka motoni, haukupita muda mchuzi wote ukawa mwekundu. Ile rangi ilikuwa imefungwa na nini?" Siku ile nilimjibu kwamba moto huyeyusha rangi, na jibu hilo halikuwa sahihi. Rangi ya mchicha mwekundu huyeyuka vizuri kabisa katika maji baridi. Kilichoizuia isitoke ni utando mwembamba usioonekana kwa macho, na habari ya utando huo na kilichomo ndani yake ndiyo iliyonileta mbele yenu leo.

Tuanze na jina, kwa sababu jina lenyewe limepotosha watu wengi. Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza aliweka kipande cha gome la mti wa koki chini ya hadubini yake, akaona vyumba vidogo vidogo vilivyopangwa kama vya sega la nyuki, akaviita seli. Vyumba vile vilikuwa vya mmea uliokufa, kwa hiyo kweli vilikuwa vitupu. Baadaye sana, mwaka 1841, Félix Dujardin wa Ufaransa alitumia neno vakuoli kwa vijishimo vyeupe alivyoviona ndani ya viumbe wadogo wa majini, nalo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu kitupu. Jina hilo likahamia kwenye mimea. Walioangalia seli hai ya mmea waliona ute umebanwa pembeni kando ya ukuta, na katikati pakaonekana wazi, pasipo na kitu, nuru ikipita bila kizuizi, wakadhani pale hapana jambo la kuchunguza.

Katika seli iliyokomaa, mahali hapo panapodhaniwa patupu huweza kuchukua hadi sehemu 9 kati ya 10 za ujazo wote wa seli. Ute wa seli, wenye kiini na vitengeneza chakula vya kijani ambavyo sisi walimu huvitumia vipindi vingi kuvieleza, umetandazwa kama rangi iliyopakwa ndani ya ukuta wa chumba, na chumba chenyewe ni vakuoli. Ukila tango, tikiti au chungwa, karibu kila unachomeza kimetoka ndani ya vakuoli. Mhandisi akiambiwa kwamba sehemu kubwa kabisa ya jengo ni tangi la maji, hatalipita tangi hilo kwa mstari mmoja.

Tangi hili limezungukwa na utando uitwao tonoplasti, jina lililotolewa mwaka 1885 na Hugo de Vries wa Uholanzi. Unene wake ni mdogo kiasi kwamba tando 100,000 zikipangwa moja juu ya nyingine zitafikia takribani milimita 1 tu. De Vries aliona jambo ambalo kwangu ni la ajabu hadi leo: alipoiua seli polepole kwa kuiweka katika myeyusho wa chumvi, ute wa nje ulikufa kwanza, lakini kifuko cha ndani kiliendelea kwa muda kushikilia maji na rangi yake, mithili ya puto lililobaki zima ndani ya nyumba iliyobomoka. Hapo alitambua kwamba utando ule una kazi yake mwenyewe, na kwamba ndio unaoamua kipi kiingie na kipi kitoke.

Sasa tuulize: nini kinachoyafanya maji yaingie humo na kukaa? Jibu ni kwamba seli haiyavuti maji yenyewe moja kwa moja. Seli huingiza vitu vinavyoyeyuka, kama sukari, potasiamu, asidi na chumvichumvi nyingine, na maji hufuata kwa osmosisi, kwa kuwa maji hupita utando kutoka palipo na vitu vichache vilivyoyeyuka kwenda palipo na vingi. Mwaka 1877 Wilhelm Pfeffer wa Ujerumani alichapisha vipimo vya nguvu hiyo. Alichukua chungu cha udongo chenye vinyweleo, akakiwekea utando bandia unaopitisha maji na kuzuia sukari, akatia ndani maji yenye sukari asilimia 1 tu, akakizamisha katika maji matupu. Maji yaliingia kwa msukumo uliopandisha zebaki zaidi ya nusu mita, ambao ni sawa na kunyanyua safu ya maji ya mita 7 hivi, juu kupita paa la nyumba nyingi za hapa Muheza. Hiyo ni asilimia 1. Fikirini basi muwa, ambao utomvu wa shina lake huwa na sukari zaidi ya asilimia 10, na sehemu kubwa ya sukari hiyo imewekwa ndani ya vakuoli.

Kama mmea usingekuwa na ukuta wa seli, vakuoli zake zingepasuka zote. Ukuta huo husukumwa na maji kutoka ndani, nao huyarudisha, na kwa kusukumana huko seli hukakamaa. Msukumo ndani ya seli ya jani lenye maji ya kutosha huwa kati ya megapaskali 0.4 na 0.8, na tairi la gari dogo hujazwa upepo wa takribani megapaskali 0.2. Maana yake ni kwamba jani la mchicha lililosimama bustanini asubuhi lina ndani ya kila seli msukumo mara mbili hadi nne ya ule wa tairi la teksi, na ndio unaolisimamisha, kwani mchicha hauna mbao.

Akina mama wanaouza mboga sokoni wanalijua hili kwa mikono yao. Saa nne jua linapoanza kuwaka, mafungu ya mchicha hulegea na kulala. Mama huchovya vidole katika kopo na kunyunyiza, akayafunika mafungu kwa kipande cha gunia kibichi, na baada ya muda majani huinuka tena. Majani yale yaliishiwa maji bila kufa: tando zilikuwa nzima, vitu vilivyoyeyuka vilikuwa bado ndani, kwa hiyo maji yalipopatikana yalirudi yenyewe. Lakini chukua fungu hilohilo, litie maji ya moto kwa dakika moja, kisha ulinyunyizie maji baridi kutwa nzima. Halitainuka. Tando zimeharibika, na hakuna tena kinachotenga ndani na nje.

Kuna mmea mmoja unaofanya mchezo huu mbele ya macho yetu, nao umejaa kando ya njia zote za kupandia Amani. Wazee wetu waliupa jina la kifauongo. Uguse jani lake na vijani hujifunga viwiliviwili, kisha kikonyo kizima huanguka kama kilichokufa, na baada ya dakika kadhaa huinuka. Katika kila kiungo cha jani hilo kuna kivimbe kidogo, na ndani yake seli za upande mmoja hutoa ghafla potasiamu na kloridi zilizomo, maji yakafuata, upande ule ukalegea na jani likaanguka. Mnyama hufanya jambo kama hilo kwa msuli. Kifauongo hakina msuli hata mmoja. Kina matangi ya maji yanayojua kujimwaga na kujijaza. Maji hayo hutoka kwa kasi namna hiyo kwa sababu utando una milango maalumu ya protini inayopitisha maji. Aliyeitambua kwanza milango ya aina hiyo ni Peter Agre wa Marekani, aliyeigundua katika chembe nyekundu za damu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kupewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003, na haikuchukua muda watafiti wakaikuta kwa wingi katika tonoplasti ya mimea.

Wanafunzi huniuliza kwa nini mmea utumie ukubwa wake wote kwa maji. Ninavyoona mimi, hili ndilo jibu zuri kuliko yote katika somo letu. Mmea haukimbilii chakula. Lazima utandaze majani yapokee jua na urefushe mizizi ifikie maji, na kwa hiyo ukubwa kwake ni riziki. Kujenga ute wa seli kunataka protini, na protini inataka naitrojeni, ambayo kila mkulima aliyewahi kununua mbolea anajua ilivyo adimu udongoni. Maji ni rahisi kuliko hayo yote. Basi mmea hujenga seli ndogo zenye ute mwingi kwenye ncha inayokua, kisha huzitanua kwa kuzijaza maji, mara kumi, hata mara mia ya ujazo wa kwanza. Jani la mgomba mnaloliona limekunjwa kama mkeka leo na kesho kutwa limefunguka limezidi urefu wa mtu halikuundwa kwa siku mbili. Seli zake zilikuwa tayari, zikisubiri kujazwa.

Hata hivyo msidhani vakuoli ni tangi la maji matupu. Hapa Muheza tunalima machungwa, kwa hiyo nitawapa mfano wa chungwa. Ukimenya ile ngozi nyembamba ya pande la chungwa, utaona vijifuko vingi vyembamba, vyenye umbo la tone lililovutwa. Kila kijifuko kina seli nyingi, na zile za ndani ni kubwa na nyembamba kuta, karibu zote ni vakuoli. Juisi yote imo humo. Katika ndimu, utomvu huo una asidi kali yenye pH (kipimo cha asidi, ambacho kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo asidi ilivyo kali) ya 2 na kitu, wakati ute unaoizunguka, nyuma ya utando ule mwembamba niliowaeleza, una pH ya 7 hivi. Kwa ukali wa asidi, tofauti hiyo ni ya mara makumi ya maelfu, na kama asidi ile ingevuja ingeuua ute mara moja. Utando una pampu za protini zinazofanya kazi usiku na mchana, zikitumia nishati ya seli, kusukuma hidrojeni yenye chaji kuingia ndani. Chungwa linapoiva asidi hupungua na sukari huongezeka ndani ya vakuoli zilezile, na mkulima anayeonja moja kabla ya kuita gari la kupakia anapima, bila hadubini, shughuli ya pampu hizo.

Mafuta nitayataja kwa ufupi tu, kwa kuwa yana taratibu nyingine. Mafuta ya nazi na ya ufuta hukaa katika vitone vidogo ndani ya ute, wala si ndani ya vakuoli, na yale mafuta yenye harufu ya karafuu na ya ganda la chungwa huwekwa katika vijitundu vilivyo nje ya seli, kwa sababu yangeweza kudhuru tando zenyewe. Na maji ya dafu, ambayo najua kila mtu hapa angependa niyaseme, ni chakula cha kiinitete cha mnazi kikiwa katika hali ya umajimaji, chenye viini vingi vya seli vinavyoelea bila kuta. Kuta huanza kujengwa kutoka pembeni, na ndipo ile nyama laini ya dafu inapojitokeza.

Mkonge nitakaa nao kidogo, kwa kuwa ndio uliolijenga jina la Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, na vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu, vikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Kutokana na hivyo 62 yakatoka mashamba tunayoyajua. Watu wote huuzungumzia mkonge kwa nyuzi zake, lakini waliofanya kazi kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi na majani, wanajua kwamba katika kilo 100 za majani huondoka na kilo 4 hivi za nyuzi, na zilizobaki ni majimaji na rojo la kijani linalowasha ngozi. Rojo hilo ni vakuoli zilizopasuliwa.

Majimaji yale yana kazi ambayo mimea mingi haiwezi. Mimea ya kawaida hufungua vitundu vya majani mchana ili ipokee kabonidayoksaidi, na wakati huohuo maji hupotea kwa joto. Mkonge hufungua vitundu vyake usiku. Kabonidayoksaidi inayoingia hugeuzwa kuwa asidi ya maliki na kuwekwa ndani ya vakuoli hadi asubuhi. Jua likichomoza vitundu hufungwa, asidi hutolewa ghalani kidogokidogo, na usanisinuru hufanyika mlango ukiwa umefungwa. Nanasi nalo hufanya hivyohivyo. Benjamin Heyne, aliyekuwa akiishi India, aliandika mwaka 1813 kwamba ule mmea wenye majani manene yanayochipuza watoto pembeni, akitafuna jani lake alfajiri lilikuwa chachu, adhuhuri halina ladha, na jioni limeanza uchungu kidogo. Aligundua kwa ulimi wake jambo ambalo wanakemia walihitaji zaidi ya karne nzima kulieleza kikamilifu. Kwa kila gramu ya kabonidayoksaidi inayoipata, mimea ya kawaida kama mpunga hupoteza gramu 400 hadi 500 za maji, na mimea ya jamii ya mkonge hupoteza 50 hadi 100. Ndiyo maana mkonge unaendelea kusimama katika kiangazi ambacho mahindi ya shamba la jirani yamekauka.

Na mbuyu je? Mbuyu huhifadhi maji kwenye shina, katika seli hai zenye kuta nyembamba, na kwa sababu hiyo mti mnene vile una mbao laini zisizofaa hata kwa kiti. Katika kiangazi shina lake hupungua unene, na tembo wa Tarangire na Ruaha hulichimba kwa pembe wakatafuna mbao zake kwa ajili ya maji. Ukifa, hauachi gogo. Huporomoka ukawa rundo la nyuzi, kwani kilichoushikilia ulikuwa ni ukakamavu wa seli zilizojaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nichague mada hii, nanyi akina mama mnisikilize kwa makini, ingawa mengi nitakayosema mmeyafanya kabla yangu. Nazungumzia muhogo.

Muhogo huhifadhi ndani ya vakuoli zake kitu kiitwacho linamarini, na kitu hicho peke yake kimetulia. Nje ya vakuoli, kwenye ukuta wa seli, kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Viwili hivi huishi katika seli moja maisha yote bila kukutana, vikiwa vimetengwa na utando. Siku mdudu au panya anapotafuna, utando hupasuka, kimeng'enya hukutana na linamarini, na mwisho wake hutoka sianidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kali. Hivyo ndivyo mmea usiokimbia unavyojilinda: umegawa silaha katika vyumba viwili na kumwachia adui mwenyewe kazi ya kubomoa ukuta. Kitunguu nacho kina hila ya namna hiyo. Kimeng'enya kimo katika vakuoli na kitu kinachofanyiwa kazi kimo katika ute, na kisu kinapovikutanisha macho hutoka machozi.

Sianidi ya hidrojeni huchemka katika nyuzi 26 hivi za Selsiasi, yaani chini ya joto la mchana wa kawaida wa pwani. Ikishatengenezwa, hupeperuka yenyewe. Kwa hiyo hatari kubwa si ile sumu inayotoka wakati wa kutwanga. Hatari ni linamarini inayobaki ndani ya vakuoli ambazo hazikupasuka, ikaingia sahanini na kwenda kugeuka sumu ndani ya mwili.

Hebu sasa mtazameni mama anayepika kisamvu. Anachuma majani machanga, anayatia kinuni, anatwanga mpaka yanakuwa rojo lililolainika, mpaka mchi unaacha kutoa mlio mkavu na kuanza kutoa mlio wa tope. Kila pigo la mchi ni maelfu ya vakuoli yanayopasuka, linamarini na linamarasi zikikutana. Kisha huyachemsha sufuria ikiwa wazi. Sasa fikirini mtu aliye na haraka, anayetumbukiza majani mazima katika maji yanayotokota: joto huua kimeng'enya kabla utando haujapasuka, linamarini hubaki bila wa kuivunja, na kiasi kikubwa chake huishia tumboni. Bibi zetu hawakujua jina la kimeng'enya, lakini walijua kwamba kisamvu hutwangwa kwanza ndipo kikapikwa, na wakatukemea tulipotaka kuuruka mchi.

Mizizi ya muhogo mchungu ni vivyo hivyo. Ikiloweshwa siku 3 au 4, vijidudu hulainisha kuta, seli huvunjika, sumu hutoka katika maji na hewani, na ndipo huanikwa, hukauka, husagwa ukapatikana unga wa bada. Makopa yaliyokatwa vipande vinene na kuanikwa moja kwa moja kwenye jua kali hudanganya macho: yamekauka upesi mno, maji yameondoka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi, na linamarini imebaki ndani. Muhogo mtamu una linamarini kidogo katika nyama yake, na iliyo nyingi imo katika ganda, kwa hiyo kuumenya na kuuchemsha kunatosha. Muhogo mchungu unaweza kuwa na mamia ya miligramu za sianidi kwa kila kilo moja, wakati kiwango kinachokubaliwa kimataifa katika unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo.

Nasema haya kwa uzito kwa sababu yamewahi kutufika. Uko ugonjwa uitwao konzo, uliotajwa kitaalamu mwaka 1938 na daktari Trolli huko Kwango, Kongo, na jina lenyewe ni la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima na kuamka miguu yote miwili imekakamaa, na haipoi tena maishani. Waathirika wakubwa ni watoto na wanawake. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ugonjwa huu ulizuka wilayani Tarime, mkoani Mara. Mahindi na mtama vilikuwa vimekauka, muhogo mchungu ndio uliobaki shambani, chakula chenye protini cha kuusaidia mwili kuiondoa sumu kilikuwa hakuna, na njaa iliwafanya watu wafupishe siku za kuuandaa. Hawakuwa wajinga. Njaa iliwanyima zile siku tatu ambazo tando zilihitaji ili zivunjike.

Kwa unga ambao tayari umesagwa na una shaka, ipo njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kutumiwa katika vijiji vya Popokabaka, hukohuko Kwango: unga huchanganywa na maji, hutandazwa mwembamba juu ya mkeka au sinia, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha husongwa siku hiyohiyo. Maji huwapa linamarini na kimeng'enya kilichosalia nafasi ya kukutana tena, na sumu hupeperuka. Haihitaji fedha wala mashine, na ningependa kila mzazi hapa aondoke nayo.

Wanafunzi wangu, chini ya mwembe ule kuna meza yenye hadubini mbili, wembe, na vitunguu vyekundu. Mwalimu wenu wa maabara atawabandulia ule utando wa zambarau wa kitunguu, kipande kidogo kuliko ukucha, na kukiweka katika tone la maji ya kawaida. Mtaona seli zimepangwa kama matofali, na kila moja imejaa zambarau kutoka ukuta hadi ukuta. Rangi hiyo yote imo ndani ya vakuoli. Kisha ataweka tone la maji ya chumvi pembeni, nanyi msiondoe jicho: baada ya muda mfupi zambarau itajivuta kutoka ukutani, itakuwa duara dogo lililokolea, na ukuta utabaki umesimama peke yake. Akirudisha maji ya kawaida mapema, itatanuka tena taratibu mpaka ijaze chumba.

Mwisho atachukua kipande kingine na kukichovya katika maji ya moto. Hapo kuta mtaziona zipo palepale, lakini zambarau haitakuwa na mpaka tena. Itakuwa imesambaa kwenye maji yote ya kioo, na chumvi haitaivuta wala maji baridi hayatairudisha. Hilo ndilo jibu ambalo yule binti wa mchicha alistahili kulipata ofisini kwangu siku ile. Kidato cha kwanza watangulie, wazazi wafuate. Hadubini ya kushoto ndiyo yenye kioo safi zaidi.